Fumua Mpaka Kwenye Kitambaa

Mwenyekiti aliingia dukani kwa Fundi Jumatano mchana na mfuko wa nailoni uliojaa mpaka mdomoni, akautua juu ya meza ya kukatia bila kutazama kama pana nguo ya mtu. Ilikuwapo. Gauni la hariri, la mtu anayeolewa wiki mbili zijazo, na chaki ndiyo kwanza imepita juu yake. Fundi alilivuta kwa mkono mmoja likasalimika, mkono wa pili ukabaki kwenye gurudumu la cherehani.

"Habari za kazi, dada."

"Nzuri, Mwenyekiti. Umeniletea kazi au umeniletea mzigo?"

"Vyote, kidogo kidogo." Akacheka peke yake.

Mtu huyu alikuwa mpima viwanja. Mchana kutwa kazi yake ilikuwa kuvuta kamba, kupigilia vigingi na kuwaambia watu kwamba ua wao umeingia kwa jirani hatua mbili, na kwa bahati mbaya tabia hiyo ilimfuata mpaka kwenye muziki. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha wapenzi wa metali: watu kumi na wanne, wazima na akili zao, wenye kazi na familia, ambao kila Jumamosi alasiri walikutana kwenye chumba cha nyuma cha duka la mikate wakasikiliza magitaa yanayonguruma, kisha wakagombana ni bendi gani inastahili kuitwa metali na ipi ni kelele za watoto. Usicheke. Kuna wanaogombana kwa ajili ya mpira mpaka ndoa zinavunjika, na hao hakuna anayewaita wehu.

Kila mwanachama alikuwa na kizibao chake cha jinzi, kilichoshonwa nembo za bendi anazoziheshimu. Ndogo kifuani, kubwa moja mgongoni, na ile ya mgongoni ndiyo kiapo. Nembo zote hizo kwa miaka kumi na moja zilipita chini ya sindano ya Fundi. Kwanza kwa sababu kaka yake alikuwa mmoja wa waasisi wa chama. Pili kwa sababu mafundi wengine wa mtaa ule hawakuwa tayari kushona fuvu la kichwa kabla ya kumwombea mteja.

"Jumamosi tunapiga kura," Mwenyekiti alisema. "Tunaifuta Kutu."

Fundi aliacha gurudumu likazunguka lenyewe mpaka likasimama.

"Ikishapita, nembo zake zinafumuliwa palepale, mbele ya wanachama wote, ili ijulikane. Wenye nayo ni watu watano. Nimekuja kukuomba uje na nyembe zako." Akakohoa kidogo, akatazama gauni la hariri kana kwamba ndilo analoongea nalo. "Na kile cha ukutani pia, dada. Cha marehemu."

"Cha Spana."

"Cha Spana. Kile ndicho watu wanachokiona wakiingia. Ndicho sura yetu."

Spana ndiye kaka yake Fundi. Alikuwa fundi wa pikipiki, na jina la utani lilimshika mpaka mama yake mwenyewe akalizoea. Figo zilimuua miaka miwili iliyopita. Baada ya matanga wanachama walikwenda kwa mama yake wakaomba kizibao chake, wakakitundika msumarini ukutani, juu ya mashine ya kukandia unga. Mgongoni kilikuwa na nembo moja tu, ya Kutu: msumari uliopinda, rangi ya chungwa. Mtu anayefumua nembo ile atakuwa amembadilisha marehemu msimamo, na marehemu hana mdomo wa kukataa.

Fundi hakusema hayo. Alisema, "Sawa, nitakuja."

Mwenyekiti akashukuru. Akatoa vizibao vinne vya kurekebisha, pindo hapa, zipu ya mfuko pale, na cha kwake mwenyewe ambacho kifungo kimoja kilikuwa kinaning'inia. Akaondoka akiamini mambo yamekwisha, kwa kuwa Fundi hakuwa mwanachama. Alikuwa fundi tu. Watu hudhani fundi ni sehemu ya cherehani.

Kosa la Kutu lilikuwa hili. Bendi hiyo ya vijana wanne kutoka ng'ambo ya mpaka ilitoa albamu tatu za moto, ngoma za kuvunja vioo, hata Mwenyekiti hana la kusema juu ya hizo. Kwenye ya nne wakatia kinanda. Hilo lingesameheka. Lakini humo humo mlikuwa na wimbo wa taratibu uitwao "Pumzika, Adui," na kampuni moja ya magodoro ikaununua, ikakata neno "adui", ikabakiza "pumzika" peke yake, ikaupiga kwenye redio asubuhi, mchana na jioni mwaka mzima. Mama wa nyumbani anakaanga vitunguu anaimba Kutu. Walimu wa chekechea wanawalaza watoto kwa Kutu.

Kama ingeishia hapo, watu wangenung'unika na kunyamaza. Haikuishia hapo. Mwaka uliopita, kwenye mkutano wa vyama vyote vya metali, chama kimoja cha jirani kiliona picha ya chumba chao na kizibao cha Spana ukutani, kikaanza kuwaita "wa magodoro." Wa magodoro wamefika. Wa magodoro wapewe viti laini. Mwenyekiti alirudi kutoka huko amevimba. Mkutano wa mwaka huu ulikuwa mwezi ujao, na kila chama kilitakiwa kupeleka orodha ya bendi kumi zinazostahili heshima. Mwenyekiti alikuwa ameapa kwamba wasomapo orodha yao, hakuna atakayecheka.

Jioni Fundi alimweleza mama yake. Mama alikuwa amekaa kitandani akikunja nguo, anapiga kila shati makofi mawili kana kwamba limemkosea adabu.

"Wanataka kufumua nini?"

"Nembo ya mgongoni, Mama. Ya Kutu."

"Ile ya msumari?" Mama aliweka shati chini. "Mimi zile kelele sikuzipenda hata siku moja. Unajua. Nilikuwa namwambia, mwanangu, huyo anayeimba ameumwa na nini, apelekwe hospitali. Lakini si mimi niliyekivaa. Aliyekivaa ni yeye, na alikivaa na msumari wake. Watoto wa watu wameingiaje?"

"Wanasema kizibao sasa ni cha chama."

"Nani kawaambia? Mimi sikuwapa. Niliwaazima. Walikaa pale, kwenye kile kiti, yule mpima viwanja akalia mpaka akanichafulia kitambaa cha meza, akasema Mama tutakitunza. Nikasema haya, kitunzeni." Akachukua shati lingine, akalipiga makofi matatu. "Kufumua ndiyo kutunza?"

Fundi akachukua shati, akaanza kukunja naye. Hasira alikuwa nayo tangu mchana na alikuwa anaogopa akifungua mdomo itamtoka kwa mtu asiyehusika.

Ijumaa asubuhi alikaa kushona kifungo cha Mwenyekiti. Alikiweka kizibao magotini, akapitisha kidole gumba mgongoni kutafuta mshono, na kidole kikagusa ukingo anaoujua. Mgongo wa Mwenyekiti ulikuwa na nembo kubwa ya Tanuru Jeusi, bendi ngumu kuliko zote, isiyo na kinanda wala wimbo wa chini ya dakika tisa. Chini ya nembo hiyo palikuwa na nembo nyingine.

Aliishona yeye mwenyewe ile ya juu, miaka mitatu nyuma, Spana akiwa hai. Mwenyekiti alikuja wakati wa mvua, duka halina mtu, akasema, "Usifumue ya zamani, dada. Shona juu yake tu. Kitambaa cha chini kimechoka." Fundi alikishika kitambaa akakiona ni jinzi ya kufunika lori. Alishona juu ya msumari uliopinda, rangi ya chungwa, uliokuwa pacha wa msumari wa kaka yake. Waliinunua pamoja hao wawili, siku moja, mezani kwa muuzaji mmoja, enzi ambazo walikuwa wanagawana kipokea sauti kimoja, sikio hili la Spana na sikio lile la mpima viwanja, wakitembea bega kwa bega mtaa mzima ili waya usichomoke.

Na hakuwa peke yake, maskini. Fundi alijua kilichozikwa mgongoni mwa nusu ya chama. Katibu, ambaye ni nesi wa wodi ya watoto, chini ya nembo yake ya mafuvu alikuwa na kikundi cha wavulana watano waliochana nywele vizuri. Yule fundi umeme mwenye ndevu alikuwa na mwimbaji wa injili. Wote walisema maneno yale yale, usifumue, shona juu. Mtu anayeshona mtaani anajua kiuno cha kila mtu kimeongezeka inchi ngapi, na siku anayoanza kusema ndiyo siku anayofunga duka.

Wembe ulikuwa mezani. Nyuzi sita tu upande wa kulia, pembe ya nembo ingeinuka, na Jumamosi Mwenyekiti angesimama kuihukumu Kutu huku Kutu inachungulia nyuma yake. Nyani haoni kundule, lakini wenzake wangeliona. Fundi aliushika wembe. Nitakuwa mwongo nikisema hakutamani. Alitamani mpaka vidole vikawasha.

Kisha akaurudisha kwenye karatasi yake, akashona kifungo kwa uzi mara mbili, akakifunga mafundo matatu. Kitu cha mtu akiletacho kwa fundi kitoke kwa fundi kizima. Kama ni vita, alijiambia, nitapigana kwa mdomo wangu na uso wangu, wala si kwa kumfumua mtu mgongoni. Lakini kupigana, nitapigana. Liwalo na liwe.

Jumamosi alasiri tanuri lilikuwa limezimwa ila kuta bado zilikuwa na joto. Chumba cha nyuma kilinuka hamira. Wanachama walikalia magunia ya unga na kreti za mikate zilizopinduliwa, kila mmoja ameegemea kwa uangalifu ili asichafue nembo. Mwokaji, mwenye chumba, jitu la watu lenye sauti ya upole, alisimama mlangoni na aproni juu ya kizibao. Fundi alikaa pembeni karibu na ndoo ya mafuta, mkoba wa kazi magotini. Hakuna aliyemkaribisha wala aliyemfukuza.

Ubishi ulianza kama kawaida. Fundi umeme alisema kinanda hakijawahi kuwa chombo cha metali. Mwingine akamuuliza mbona bendi yake ina filimbi. Akajibu filimbi ile ni ya vita. Wakabishania filimbi robo saa nzima. Mwokaji akainua kidole.

"Mimi nauliza tu. Albamu tatu za kwanza nazo tunazifuta? Maana zile ndizo zilizotufanya tukakutana."

"Mtu haheshimiwi nusu," Mwenyekiti alisema. "Kiwanja kikiingia barabarani hatua moja, kimeingia."

"Muziki si kiwanja," Mwokaji alisema, lakini kwa sauti ya kujisemea, akarudi kuegemea mlango. Alikuwa mmoja wa watano wenye msumari. Fundi alimtazama akitumaini ataendelea. Hakuendelea. Mtu mkubwa kiasi kile, anainua gunia la unga kwa mkono mmoja, na ubavu wa kuinua sentensi mbili hana.

Mwenyekiti akamwomba Katibu asome kanuni. Katiba ya chama iliandikwa kwenye karatasi ya mfuko wa unga, siku ya kwanza kabisa, na mwandiko wenyewe ulikuwa wa Spana, umelala upande kama pikipiki iliyoegeshwa vibaya. Katibu akasoma. Asiye na kizibao hapigi kura. Kuipa bendi heshima, wengi wape. Kuifuta bendi, wote wakubali. Akipinga hata mmoja, imebaki.

Hiyo ya mwisho Spana aliipigania siku nzima. Alisema kumsifu mtu hata mkikosea hamna hasara, lakini kumfuta mtu ni jambo la kuangaliana usoni.

"Wanaokubali Kutu ifutwe?"

Mikono ikainuka. Kwanza mitano, kisha minane, kisha wale wanaosubiri kuona wengine. Mwokaji aliinua wake mwisho, haukufika hata usawa wa sikio.

"Wanaopinga?"

Mashine ya kukandia ilikuwa imezimwa, feni imezimwa. Mwenyekiti alishaanza kugeuka kumwita Fundi aje na nyembe zake.

Fundi alikuwa ameshasimama. Alipita katikati ya kreti, akapanda juu ya gunia, akakitoa kizibao cha Spana msumarini, akakung'uta unga uliokuwa mabegani, akakivaa. Kilimpwaya. Mabega yalimshuka mpaka karibu na viwiko na kilikuwa bado kinanuka grisi. Akainua mkono.

"Napinga mimi."

Kila mtu alianza kuongea. Kreti moja ilianguka. Fundi umeme alikuwa anasema haiwezekani, haiwezekani, kama mtu aliyekwama kwenye neno. Mwenyekiti akapiga kreti kwa kiganja mpaka wakanyamaza.

"Dada. Kwa heshima zote. Hicho si chako."

"Ni cha nani?"

"Cha chama."

"Mama aliwaazima. Aliwaazima mkitunze, nawe ndiye uliyeomba, ukiwa unalia. Leo mnataka kukifumua, basi mkopo umekwisha. Nimekichukua. Kimerudi nyumbani, na nyumbani ni mimi na Mama, na Mama hataki kukivaa." Aligeuka kwa Katibu. "Nesi, hebu soma tena. Asiye na kizibao. Kuna mahali pameandikwa kiwe kimenunuliwa na nani?"

Katibu aliisoma karatasi mbele na nyuma, kumbe hata nyuma palikuwa na tangazo la unga tu. "Hakuna," akasema, na ilionekana wazi kwamba hakusikitika.

"Wewe hata metali husikilizi," fundi umeme alisema. "Wewe unashona tu."

Hapo ndipo hasira ilipotoka, na ilitoka ikiwa imepangika, maana ilikuwa na siku tatu za kujipanga.

"Nashona tu. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, baba. Miaka kumi na moja nawashonea, miaka kumi na moja mnaniletea bendi zenu dukani mnanipigia kwenye simu, dada sikiliza hii, dada sikiliza ile, na mimi nasikiliza kwa sababu mikono ina kazi lakini masikio hayana. Nazijua zote. Mnataka maoni yangu? Tanuru Jeusi ni dakika tisa za mtu anayetapika kwenye pipa." Kuna mtu alicheka, akajifanya anakohoa. "Na Kutu naipenda. Naipenda na kinanda chake. 'Pumzika, Adui' naupenda kuliko zote. Mmewahi kuusikiliza mpaka mwisho, au mnausikia kwenye redio tu? Mtu anamzika adui yake kwa mikono yake mwenyewe, usiku kucha anachimba, anamwambia pumzika, nitakuchukia kesho. Kama hiyo si metali basi mimi sijui metali ni nini. Wenye magodoro walikata neno moja, na nyinyi mkakata bendi nzima. Nani kaharibu zaidi?"

Mwokaji aliushusha mkono wake, ambao alikuwa ameusahau hewani.

"Hatuzungumzii wimbo," Mwenyekiti alisema. Uso ulikuwa umemwiva. "Tunazungumzia heshima ya chama. Huwezi kujua, dada, hukuwepo tulivyochekwa. Metali ya kweli haimbembelezi mtu. Na Spana, Mungu amrehemu, nilimjua kabla hujajua kushika sindano. Angekuwa hai leo, mkono wake ungekuwa juu pamoja na yetu."

Fundi alifungua mkoba wake taratibu. Akatoa wembe mmoja kwenye karatasi yake, akauweka juu ya kreti mbele ya Mwenyekiti.

"Umesema Spana angefanya hivi. Sawa. Mimi nitasema nijualo. Najua kila mshono uliomo humu ndani. Najua nilichoshona, na najua nilichoshona juu yake. Wala sitasema, msiwe na wasiwasi, mimi ni fundi. Lakini kama leo ni siku ya kufumua, tusianze na aliyekufa. Tuanze na walio hai. Kila mmoja avue, mmoja mmoja, mbele ya wenzake, afumue mpaka kwenye kitambaa, tuone kila mtu alianzia wapi. Aanze Mwenyekiti."

Hakuna aliyeugusa wembe. Lakini jambo la kuchekesha lilitokea, na Fundi alikuja kulisimulia mara nyingi baadaye: watu karibu wote, bila kujijua, waliegemeza migongo yao ukutani. Katibu. Fundi umeme na ndevu zake. Wenye kreti katikati ya chumba walizikokota mpaka ukutani. Walibaki wamekaa duara kama watu wanaoogopa ndege wa kudonoa mgongoni, na kila mmoja akimtazama jirani yake, na kila mmoja akiona kwamba jirani naye ameegemea.

Mwenyekiti ndiye aliyekuwa amesimama katikati, hana ukuta. Akatazama nembo iliyokuwa mgongoni mwa Fundi, ile ya Spana, maana Fundi alikuwa amemgeukia Mwokaji kuuliza kama kuna maji ya kunywa. Msumari ulikuwa umefifia mpaka rangi ya chai nyepesi.

"Kura ya kupinga ni moja," alisema hatimaye. Sauti ilikuwa kavu. "Kutu inabaki. Kikao kimefungwa."

Si wote waliokubali. Watatu walitoka wakaanzisha chama chao, Metali Halisi, kikavunjika baada ya wiki tano kwa sababu ya ile filimbi. Orodha ya bendi kumi ilipelekwa mkutanoni na Kutu ikiwa ya saba, na wale jirani wakacheka, wakaita wa magodoro, wa magodoro. Mwokaji akasimama, jitu zima, akawauliza kwa upole ni nani kati yao amewahi kuusikiliza wimbo ule mpaka mwisho. Lakini hayo yalikuwa ya baadaye.

Jumatatu asubuhi Mwenyekiti alisimama mlangoni mwa duka na kizibao chake kimekunjwa kwapani. Aliangalia kwanza mezani, patupu, ndipo akakiweka.

"Hukusema," akasema.

"Ningesema nini?"

"Ungeweza hata kufumua pembe tu. Ulikuwa nacho siku tatu. Nilipoona kifungo kimeshonwa vizuri vile nikajua una hasira." Akakikunjua kizibao. "Naomba unifumulie ya juu."

Fundi alikuwa anapiga pasi gauni la hariri. Kizibao cha Spana kilikuwa mwilini mwake, alikuwa amekikunja mabega kwa pini mbili ili kisimwangukie kazini. Kwa mguu alimsukumia kigoda, kwa mkono akamwekea wembe.

"Fumua mwenyewe. Wewe ulitaka watu wafumue mbele ya watu. Mimi ni watu."

Akakaa. Ilimchukua karibu saa nzima. Alijikata kidole mara mbili, akanyonya damu, akaendelea, na Fundi hakumsaidia hata uzi mmoja. Tanuru Jeusi ilipoachia upande wa mwisho ikaanguka sakafuni. Chini yake msumari uliopinda ulikuwa bado unawaka, rangi ya chungwa kali, kila uzi mahali pake, kana kwamba umetoka kwa muuzaji jana. Jua halikuwa limeugusa kwa miaka mitatu.

Mwenyekiti alikishika mbali kidogo, akakitazama, akatazama cha Spana mgongoni mwa Fundi.

"Yangu bado mpya," alisema, nusu akishangaa, nusu, Mungu amsamehe, akijivuna.

"Ndiyo," Fundi alisema bila kuacha pasi. "Ya kaka yangu imepauka kwa sababu aliivaa."

Mwenyekiti alikaa pale mpaka pasi ikapoa. Kisha akavaa kizibao, akafunga vifungo vyote, akatoka nje kwenye jua la saa nne akiwa ameupa mtaa mzima mgongo.